Semina Ishuke Nyasa

Waraka wa wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Ruvuma, Songea

Nakala: Wakurugenzi Watendaji, Halmashauri ya Mji wa Mbinga, Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa

YAH: MAFUNZO YA KUZIFANYA BIASHARA ZIPATIKANE KWENYE INJINI ZA UTAFUTAJI

Ndugu Katibu Tawala,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina duka la stesheneri Mbinga mjini. Natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za vyuo na za mikopo, na miaka hii ya karibuni nawafungulia watu kurasa za biashara zao kwenye Google. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipeleka kwenye semina na makongamano ya masoko ya mtandaoni, na ndiyo inayonifanya nikuandikie hadharani badala ya kuacha barua masjala. Wenye jambo hili ni wengi, na wengi wao hawajawahi kufika masjala.

Ombi lenyewe ni hili. Fedha ya umma na ya wafadhili inayopeleka watu kwenye mafunzo haya Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, sehemu yake iyalete mafunzo yenyewe Mbinga na Mbamba Bay, na kwenye viti wakae wenye biashara wenyewe. Najua ofisi yako haina mfuko usio na mwisho, wala si kila semina inayopita mezani kwako. Lakini wewe ndiwe unayekaa na wakurugenzi wote wa mkoa, na shughuli za viwanda, biashara na uwekezaji zinaratibiwa hapo kwako. Ukisema neno, linashuka hadi kwenye kata.

Naanza na historia kidogo, maana nimesikia mafunzo haya yakiitwa mambo ya vijana, au mambo ya Instagram. Google ilisajiliwa kuwa kampuni Septemba 1998. Mwaka uliofuata tu, mwandishi wa habari Danny Sullivan alikuwa ameshaitisha Marekani kongamano la Search Engine Strategies, watu wakakaa kujadili namna ya kuifanya tovuti itokee juu mtu anapotafuta kitu. Mwaka 2007 likaja jingine, SMX, ambalo yeye ni mmoja wa waanzilishi wake. Uingereza, mwaka 2010, Kelvin Newman aliwaita watu wa kazi hiyo katika mji wa Brighton wakakutane kwenye chumba cha ghorofani cha baa. Hawakuwa wengi. Leo BrightonSEO inakusanya maelfu ya watu. Karibu nasi, Nairobi, mwaka 2008 ulifanyika mkutano wa utalii wa mtandaoni ulioandaliwa na Damian Cook, mtu aliyekuwa akipigia kelele jambo moja: safari za Afrika zinauzwa mtandaoni na watu walio nje ya Afrika. Kisha Julai 2017 mkuu wa Google, Sundar Pichai, alisimama Lagos akaahidi kuwafundisha Waafrika milioni 10 stadi za mtandaoni ndani ya miaka mitano, na kampuni ikasema itatoa masomo yanayosomeka bila intaneti, kwa lugha zikiwamo Kiswahili, Kihausa na Kizulu. Kwa hiyo hoja kwamba somo hili haliwezi kufundishwa kwa Kiswahili, mahali ambapo mtandao unakatikakatika, ilishajibiwa zamani.

Semina niliyohudhuria Dar es Salaam siitaji jina. Waandaaji wake hawakuwa wabaya, walifanya kama wafanyavyo wengine: bango kubwa nyuma ya meza kuu, mgeni rasmi aliyechelewa, chai ya saa nne yenye sambusa nzuri, picha ya pamoja, cheti. Mwezeshaji aliijua kazi yake barabara. Tatizo lilikuwa mfano aliofundishia, hoteli kubwa ya Cape Town yenye bajeti ya matangazo inayohesabiwa kwa dola kila kukicha. Nikawatazama tuliokaa meza moja. Ofisa wa benki, ofisa wa taasisi ya umma, vijana wa wakala wa matangazo, na bwana mmoja ambaye kila mapumziko aliuliza posho inatoka saa ngapi. Hakuna aliyekuwa na chumba cha kumlaza mgeni, gunia la kahawa wala boti. Waliondoka na vyeti vyao, na sidhani kama kuna gesti moja nchini iliyopata mgeni kwa sababu ya siku zile.

Nilichokipata mimi nilikipata kwenye foleni ya chai, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Zanzibar. Alinionyesha kwenye simu yake jinsi anavyojibu maoni ya wageni, hata ya wale wanaolalamika, na jinsi wanaobonyeza kitufe cha kupiga simu wanavyoongezeka akiweka picha mpya za vyumba. Ni hilo tu, na lilinirudishia nauli. Ndiyo maana sitasema kwamba makongamano hayana maana. Watu wa kazi moja wakikutana hufundishana mambo yasiyomo kwenye slaidi. Ila pale watu wa kazi yenyewe walikuwa wa kuhesabu, na kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam ni zaidi ya km 1,000, umbali ambao mwenye gesti ya vyumba sita hawezi kuusafiri ili akasikilize habari za hoteli ya Cape Town.

Naomba nieleze kazi yenyewe kwa ufupi, ili ofisa atakayepewa jalada hili asije akauziwa maneno na mzabuni.

Kuna njia mbili za kutokea mbele ya mtu anayetafuta. Ya kwanza ni ya kulipia. Google ilianza kuuza matangazo ya namna hiyo Oktoba 2000. Bei yake hupatikana kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta papo hapo mtu anapotafuta, na kwa kawaida mwenye tangazo hulipa pale tu tangazo linapobonyezwa. Mkulima wa Mbinga hahitaji kufafanuliwa mnada, ameusikia wa kahawa wa Moshi tangu utotoni: wanunuzi wakiwa wengi bei inapanda, wakiwa wachache inalala. Tofauti ni kwamba huku mnunuzi ni sisi, na ushindani wetu unaifaidisha Google. Neno Serengeti linagombewa na kampuni za Arusha, za Nairobi na za London. Neno Mbamba Bay linagombewa na nani? Tena mnada huu hautazami fedha peke yake. Hupima pia kama tangazo, na ukurasa unaofunguka likibonyezwa, vinamjibu aliyetafuta. Mwenye shilingi chache na ukurasa unaoeleweka anaweza kukaa juu ya mwenye shilingi nyingi na ukurasa wa hovyo. Hayo ni maarifa ya nusu saa, na sijui kwa nini huuzwa kwa siku tatu.

Njia ya pili hailipiwi. Ni kuandika ukurasa wenye maneno ambayo mtafutaji huyaandika, na kuisajili biashara kwenye ramani: jina, aina ya biashara, saa za kufungua, simu, picha, mahali ilipo. Usajili huo ulikuwa ukiitwa Google My Business, na mwaka 2021 ukabadilishwa jina kuwa Google Business Profile. Siku hizi mara nyingi huthibitishwa kwa video. Unatembea na simu ukionyesha mtaa, kibao cha biashara, kisha kitu kinachodhihirisha kwamba wewe ndiye mwenye funguo. Hii ndiyo njia ya watu wetu, gharama yake ni bando tu. Na hapa Serikali ilishatusaidia bila kukusudia. Zoezi la anwani za makazi la 2022, lililotupa majina ya mitaa na namba za nyumba, ni mtaji mkubwa. Nguzo zile zenye majina ya barabara, ambazo watu wengine wanafungia mbuzi, ndizo zinazotakiwa kuonekana kwenye video hiyo.

Sasa tushuke kwenye Ziwa Nyasa. Peramiho hadi Mbinga lami ilikuja kwa fedha za Marekani za Changamoto za Milenia. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, zile km 66 za milima na kona ambako wakati wa mvua hakuna dereva aliyethubutu kuahidi saa ya kufika, nako sasa ni lami. Mtu anakunywa chai Mbinga na mchana ule ule anakula samaki Mbamba Bay. Lakini aliye Dodoma au Berlin, anayepanga safari kwa simu yake, anaweza bado kukuta maelezo ya vumbi na matope, kwa sababu aliyeandika alipita kabla ya lami na aliyepo sasa hajaandika.

Ng'ambo ya maji, karibu mkabala na Mbamba Bay, iko Nkhata Bay ya Malawi. Ziwa ni lile lile, mawimbi ni yale yale. Vijana wa Kizungu wanaosafiri na mabegi mgongoni wamekuwa wakienda Nkhata Bay kwa miaka mingi. Sababu ziko kadhaa na barabara ilikuwa mojawapo, lakini ipo nyingine: wenzetu waliandikwa mapema. Hifadhi yao ya ziwa, kule Cape Maclear, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1984, na majina yao yamerudiwa kwenye vitabu vya wasafiri hata kabla tovuti hazijakuwapo. Injini ya utafutaji hulipa uzito jina linalotajwa na kuunganishwa na wengi. Sisi tunaanza nyuma, na hatutawafikia kwa kuchapisha vipeperushi.

Hapa pana jambo litakalomkera ofisa mzalendo. Mtu wa Munich anayefuga samaki wa mapambo sebuleni kwake haandiki Ziwa Nyasa. Anaandika Lake Malawi, na anaandika mbuna, jina wanaloitwa duniani kote samaki wale wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba. Mtu huyo angelipa fedha nzuri kuwaona samaki hao wakiogelea kwao badala ya kuwaona ndani ya kioo, na miamba yenye samaki hao tunayo. Lakini ukurasa wa nyumba ya wageni ya Mbamba Bay usiolitaja jina analoandika yeye, kwake ni kana kwamba haupo. Mzozo wa mpaka wa ziwa kati yetu na Malawi siuingilii, una wenyewe. Nasema tu kwamba sentensi moja inayoeleza kuwa Nyasa ndilo ziwa ambalo watu wa upande wa pili wanaliita Malawi haimkabidhi mtu maji yetu. Mgeni akishafika tutamfundisha jina akiwa ameketi anakula mbasa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Liuli, kwenye mwambao wetu huo huo. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na lile sanamu la Misri liitwalo Sphinx. Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaipiga mizinga na kuilemaza. Rhoades na nahodha wa Kijerumani, Berndt, walikuwa marafiki, walizoea kunywa pamoja. Berndt aliingia kwenye kimashua akaenda kumfokea mwenzake, akitaka kujua kama amelewa. Hakuwa na habari kwamba Uingereza na Ujerumani zimeingia vitani. Taarifa ya Rhoades ilikuwa imefika, ya Berndt ilikuwa haijafika, na yeye akaondoka pale akiwa mateka. Gazeti la The Times la London likatangaza ushindi wa majini kwenye Ziwa Nyasa.

Kisa hicho kina wapenzi wake Ujerumani na Uingereza, watu wanaotembelea maeneo ya vita vile kama wengine wanavyotembelea makaburi ya babu zao. Mtu wa namna hiyo akimaliza kukisoma na kutaka kufika, atamtafuta nani? Jina Sphinxhafen sijaliona kwenye kibao chochote cha biashara mwambao mzima. Mwenye vyumba Liuli akiandika aya tatu za kisa hicho kwenye ukurasa wake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha kawaida, na chini yake akaweka namba ya simu inayopokelewa, atakuwa akiuza kitu ambacho kampuni ya Arusha haiwezi kukiuza vizuri kuliko yeye. Hayo hayawezi kufundishwa na mwezeshaji ambaye hajui Liuli iko wapi. Yanafundishwa kwa kuketi na mwenye vyumba na kumuuliza: wageni wako huulizia nini wakifika?

Huku juu milimani mambo ni mengine kidogo. Nani anayekunywa kahawa ya Mbinga akijua kwamba ni ya Mbinga? Japani, kwa kanuni za biashara ya kahawa ya kule, arabika ya Tanzania karibu yote inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa ya Bukoba. Mkulima wa Litembo anapalilia, anachuma, anakoboa na kuosha, kisha jina linakwenda kwa mlima ambao pengine hajawahi kuuona. Wamarekani nao wamezoea kuiulizia Tanzania kwa ile punje ya mviringo inayokaa peke yake ndani ya tunda, tunayoijua kwenye madaraja kwa herufi PB, yaani peaberry. Anayeandika neno hilo kwenye simu yake huko Chicago yuko tayari kununua. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ipo wilaya iitwayo Mbinga na kwamba kahawa ndiyo inayosomesha watoto wake.

Simdanganyi mtu kwamba ukurasa wa Google utauza kontena. Mnunuzi wa kontena hununua kwa sampuli, kwa mnada, kwa mikataba inayopita kwenye Bodi ya Kahawa, na hayo yana taratibu zake. Lakini mkaangaji mdogo wa Hamburg akishaonja sampuli akaipenda, jambo la kwanza atakalofanya ni kuandika jina la kijiji au la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwenye simu. Akikuta picha ya mtambo wa kuchakata, mwinuko wa mashamba, jina la katibu na barua pepe inayojibiwa, mazungumzo yanaanza. Asipokuta kitu anarudi kwenye majina anayoyajua. Makatibu wa AMCOS wanaandika vizuri kabisa, nimeyaona madaftari yao. Hakuna aliyewaambia kwamba yale yaliyomo daftarini yanatafutwa.

Na ngoro je? Mashimo yale ambayo Wamatengo wa huku milimani wanalima kwenye miteremko mikali, kwa namna inayozuia udongo kuteremka na mvua, yamechunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani. Nilipotafuta mtandaoni nilikuta makala zao za kisomi. Mtu wa kumpeleka mgeni shambani akaone ngoro ikichimbwa, akale ugali na maharage ya humo humo, sikumpata, ingawa naweza kumpata kwa kutoka nje ya duka langu na kuita.

Yapo mambo mawili yanayoniumiza kichwa dukani ambayo sijasikia semina ikiyagusa. La kwanza ni umiliki. Mwenye gesti anafunguliwa ukurasa kwa barua pepe ya mpwa wake. Mpwa anakwenda Dar, anabadili laini, anasahau nywila. Namba iliyoko kwenye ramani haipatikani tena, na mwenye gesti hana ruhusa ya kuibadili. Nimewaona watu wakifungua ukurasa wa pili, kisha wa tatu, mpaka biashara moja ina alama tatu kwenye ramani na mgeni hajui aifuate ipi. Kibaya zaidi ni ofisa mwenye nia njema anayezisajili biashara za kata nzima kwa barua pepe yake mwenyewe. Siku akihamishwa, zimehama naye. Yeyote atakayefundisha huku aanze na hili kabla ya kitu kingine: barua pepe ni ya mwenye biashara, nywila imeandikwa mahali anapopajua yeye na mtu mmoja wa nyumbani.

La pili linawahusu ninyi wenye ofisi zaidi kuliko sisi wa madukani. Ofisi nyingi za umma nchini hutoa tangazo hivi: linachapwa, linasainiwa, linagongwa muhuri, linapigwa picha, halafu picha hiyo ndiyo inayopandishwa kwenye tovuti. Kwa macho ya mtu tangazo lipo. Injini ya utafutaji hulisoma kwa shida, au hailisomi kabisa. Hivyo anayetaka kujua meli itapita lini Liuli, mnada wa kahawa ni tarehe ngapi, au leseni ya uvuvi inalipiwaje, hampati Serikali. Anapata uvumi wa WhatsApp, au anampigia shemeji yake aliyeko bandarini. Muhuri ubaki kwenye faili. Kwenye tovuti wekeni maneno, yenye kichwa kinachofanana na swali la mwananchi. Ofisa habari wa halmashauri akijifunza hilo tu, amejifunza sehemu kubwa ya yale yanayosemwa kwenye makongamano ya Ulaya.

Naja kwenye mafunzo yenyewe. Yasiwe kati ya Juni na Septemba, watu wako kwenye kahawa na hutampata mtu wa maana. Novemba ingefaa: mavuno yamekwisha, shilingi mbili tatu zipo mkononi, na mvua kubwa hazijashika. Kwa Mbinga, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kina madarasa. Kwa Mbamba Bay utafutwe ukumbi wowote ambao soketi zake zinafanya kazi. Watu ishirini wanatosha, wakizidi hapo mwezeshaji anahutubia badala ya kufundisha. Wawe wenye gesti na migahawa, wachuuzi wa dagaa wa Nyasa, wenye boti, makatibu wa AMCOS, fundi wa viatu akitaka. Kila mmoja aje na simu yake mwenyewe. Siku ya kwanza watoke nje wakapige picha na kuandika, kila mtu kuhusu kazi yake. Siku ya pili wajisajili na kuthibitisha. Google inaweza kuchukua siku kadhaa kujibu, kwa hiyo mwezeshaji abaki au arudi. Asilipwe malipo ya mwisho mpaka biashara zile zionekane.

Kuhusu posho nitasema wazi. Husemwa kwamba bila posho hakuna atakayekuja. Ni kweli kwa ofisa, na ni kweli zaidi kwa mama lishe ambaye siku asipopika nyumbani hawali. Basi nauli irudishwe kwa tiketi, chakula cha mchana kipikwe na mama lishe wa pale pale na walipwe bei yao, na anayefunga biashara kwa siku mbili afidiwe kiasi kinachojulikana tangu mwanzo. Kinachoharibu ni pale posho inapokuwa ndiyo shabaha, mpaka majina ya washiriki yanapangwa kabla ya somo kupangwa.

Mfuko wa kuanzia upo karibu kuliko inavyodhaniwa. Vikundi vinavyoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hupewa mafunzo kabla ya kupewa fedha. Nusu siku ya mafunzo hayo ingekuwa hii, na mkopo wa kununulia friji ya samaki ungetoka pamoja na namna ya mnunuzi wa Songea kumpata mwenye friji.

Na ripoti isiwe ya idadi ya washiriki na picha ya pamoja. Ukurasa wa biashara humwonyesha mwenyewe ni watu wangapi waliuona, wangapi walipiga simu, wangapi waliomba kuelekezwa njia. Baada ya miezi mitatu mtu wa halmashauri apite na kuziandika namba hizo, biashara moja moja, kwa ridhaa ya wenyewe. Zikiwa sifuri, tujue ni sifuri, na tuulize kwa nini kabla ya kuitisha semina nyingine.

Ikibidi mtu asafiri kwenda kongamano la Nairobi au la Dar, sipingi. Apelekwe kijana anayeishi huku, si lazima awe mwajiriwa, kwa sharti moja kwamba akirudi atafundisha siku mbili sokoni. Kabla ya kumkatia tiketi, tazameni kama kongamano hilo linaonekana mtandaoni. SMX yenyewe ilihamia mtandaoni mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19, na mazungumzo mengi ya makongamano haya sasa yanatazamwa bila mtu kutoka nyumbani. Kifurushi cha mwezi mzima ni rahisi kuliko usiku mmoja wa hoteli.

Jambo la mwisho linanifanya niwe na haraka. Mei 2024 Google ilianza, kwa Marekani kwanza, kuweka juu ya matokeo jibu linalotungwa na akili mnemba, na mtu mwingine akishalisoma habonyezi kitu tena. Jibu hilo huokotwa kwenye yaliyoandikwa. Mtu akiuliza pa kulala Mbamba Bay, mashine itajibu kwa maneno ya aliyeandika, awe anaishi hapo au awe hajawahi kushuka ule mteremko wa kuelekea ziwani. Kadiri tunavyochelewa, majibu ya watu wengine yanazidi kukomaa kuwa ndiyo majibu, na kuyabadilisha baadaye ni kazi kubwa kuliko kuyaandika sasa.

Kwa hiyo naomba ofisi yako ifanye mambo yafuatayo kabla ya bajeti ijayo kufungwa: ielekeze halmashauri tatu za Mbinga na Nyasa zitenge siku mbili mbili za mafunzo haya mwezi Novemba, na iagize matangazo ya umma ya halmashauri hizo yapandishwe kwa maandishi. La pili halihitaji hata shilingi. Kwa la kwanza, projekta ninayo na naiazima bila malipo, ila gharama ya kuishusha Mbamba Bay na kuirudisha iwe juu ya mwandaaji.

Naomba kuwasilisha.

Mwenye duka la stesheneri,
Mbinga Mjini